Mbu Walivyopigwa Marufuku Uvira

Mwaka wa 1954 mbu walifukuzwa rasmi Uvira, katika Kongo ya Wabelgiji. Amri ilisomwa sokoni baada ya tarumbeta: kila nyumba ing'oe chochote kilichoota mbele ya mlango, ipande mchaichai na kivumbasi kwa mistari iliyonyooka, na ichimbe mtaro wa maji kando yake ili mimea isione kiu. Harufu ingefanya kazi iliyobaki. Mbu, kama viumbe wote wenye akili, wangevuka mto Ruzizi na kuwa shida ya watu wengine.

Herménégilde, karani wa teritwari, yaani wilaya, alipewa cheo cha Msimamizi wa Harufu pamoja na kofia yake. Alikuwa mtu mwaminifu, kwa hiyo alianzia kwake: aling'oa maharagwe ya mke wake Domitille, nayo yalikuwa yameanza kutoa maua. Domitille hakugomba. Jioni aliuliza tu kama harufu hiyo inaliwa na bugali au na wali.

Mimea ilistawi. Mitaro nayo ilijaa maji, na mbu wakazaliana humo bila wasiwasi. Wanawake walitaka kufanya kama bibi zao, kuponda majani na kuwapaka watoto, lakini hilo lilikatazwa. Mmea ni wa serikali, na anayeuchuma anaharibu mstari. Mama mmoja aitwaye Generose alitozwa kuku kwa ajili ya majani machache.

Mtoto mdogo wa Herménégilde aliposhikwa na homa, karani alivaa kofia akaenda kwa Bwana Administrateri, Mbelgiji aliyetoa amri ile. Kwa heshima zote alieleza kwamba mbu wameongezeka sana. Bwana alimsikiliza kwa upole, akamfafanulia kwamba mbu walikuwa wanakusanyika ili waagane. Kisha akakumbuka kwamba mkubwa wa jimbo alikuwa anakuja Jumatatu kutoka Bukavu kuwapongeza.

"Kuanzia Jumatatu," alisema, "muntu akiona mbu Uvira, iko anaita serikali mwongo. Weye umesikia?"

"Nimesikia, Bwana."

Jumatatu jioni mkubwa aliketishwa katika bustani ya Administrateri, kati ya mitaro mizuri kuliko yote ya Uvira. Herménégilde alisimama nyuma yake. Hotuba ya ushindi ilikuwa ndefu, na wananchi waliisikiliza wakijikuna kwa adabu. Ndipo mbu mmoja mnene akatua kwenye shavu la mkubwa, akatulia, akaanza kunywa. Bwana Administrateri alijizuia kadiri alivyoweza. Mwishowe mkono wake uliondoka wenyewe, na kofi likasikika mpaka ufukweni.

"Umenipiga," alisema mkubwa.

"Nimepiga mbu, Excellence."

"Mbu gani? Si ulisema wameisha?"

Mkubwa akamgeukia Herménégilde.

"Weye, Msimamizi. Hapa mbu iko?"

Herménégilde alimwona mbu amebandikwa shavuni, na damu ikimzunguka. Alifikiria paji la uso la mtoto wake, jinsi lilivyowaka alipoligusa asubuhi. Akavua kofia.

"Hapana, Bwana Mkubwa. Mbu haiko. Minye nimeona kofi tu."

Mtoto alipona kwa dawa ya kinini ya masista wa misheni. Bwana Administrateri alihamishiwa msituni, kwa heshima zote, akasimamie mbung'o. Siku ya kuondoka watu walipanga mstari kumuaga. Alikuwa akijikuna shingo, mikono, hata masikio, lakini hakuthubutu kumwambia mtu sababu.