Jenereta Lilikuwa Zima, Mbovu Nilikuwa Mimi

Leo nimeaibika mchana kweupe, tena mbele ya watu wanaokunywa kahawa taratibu wasikose kitu.

Mnaonijua mnajua kazi yangu ni viyoyozi na majokofu, hapa Nguvumali. Sasa kila umeme ukikatika, simu kwangu: "Yona, kiyoyozi chako kimekufa!" Hakijafa jamani, hakina umeme! Nikachoka. Nikajifunza kufunga majenereta, na kibao cha dukani nikakiandika upya: UMEME UKATE, BARIDI IBAKI.

Mteja wangu wa kwanza ni Bi Mwanaidi, mwenye ukumbi wa arusi. Nimemfungia jenereta linalojiwasha lenyewe umeme ukikatika, na kujizima ukirudi. Leo akalifanyia dua. Kaita maalim, kaita majirani, ubani unafuka, halua mezani. Kamwita na kaka yake kutoka Pangani, Mzee Ali, mwenye nyumba ya wageni, anayetafuta fundi wa kumfungia jenereta. Hiyo kazi ndiyo ninayoiota usiku na mchana. Bi Mwanaidi akaninong'oneza, "Mpendeze huyo."

Basi nikaamua kumpendeza. Tangu saa mbili asubuhi nikawasha viyoyozi vyote sita, nyuzi kumi na sita, kwenye ukumbi mtupu. Wageni walipofika, akina mama walijifunika khanga mpaka puani. Mzee Ali alikuwa anapuliza viganja. Nikasema moyoni, Yona umeua.

Dua ikaanza. Mara kitu kinalia ukutani. Pii! Pii! Pii! Kirimoti cha LUKU, kile cha kuingizia namba za umeme wa kulipia kabla. Maalim kanyamaza, kakitazama. Kaendelea. Pii! Nikaona huu ni utovu wa adabu. (Mimi Mlutheri, nimealikwa kwenye dua ya watu, niache kitu kipige kelele?) Nikakichomoa, nikatoa na betri, nikakitia mfukoni mwa ovaroli. Kimeandika nini, sikuangalia.

Watu wakaitikia "Amin." Haijapita dakika, umeme ukakatika.

Sijawahi kufurahia umeme kukatika hivyo maishani mwangu! Nikasimama katikati ya ukumbi, nikainua mkono: "Tulieni! Hesabuni!" Wakahesabu. Kwenye tano jenereta likanguruma, viyoyozi vikaanza kupuliza. Makofi! Vigelegele! Mzee Ali akanishika bega.

"Na umeme ukirudi, utajuaje?"

"Lenyewe litajua, mzee wangu. Wewe kunywa kahawa tu."

Akanywa. Tukanywa wote. Nusu saa. Saa nzima. Jenereta linanguruma tu. Halua ikaisha. Bi Mwanaidi akanivuta pembeni.

"Yona, mwanangu, mbona saluni hapo mbele wanakausha nywele?"

"Wale wako laini nyingine, mama."

"Na fundi cherehani?"

"Naye laini nyingine."

"Na msikiti?"

(Hapo nilipaswa kufikiri. Sikufikiri.) Nikatoa simu, nikawapigia watu wa umeme, namba ya dharura. Tena nikaweka spika, ili Mzee Ali asikie fundi anavyopigania wateja wake.

"Ninyi mnatuchosha!" nikafoka. "Saa nzima mtaa hauna umeme! Kuna wazee hapa, kuna shughuli ya dini! Nataka fundi sasa hivi!"

Sasa niambieni. Miaka yote ukiwaita hawaji mpaka umesahau uliwaitia nini. Leo dakika kumi! Gari, ngazi, na binti mmoja amevaa kofia ngumu.

"Shikamooni wazee." Wakaitikia marahaba. Akaenda moja kwa moja kwenye mita. Hakuitaka hata ngazi.

"Kirimoti chake kiko wapi?"

Watu wakaanza kukitafuta. Maalim aliinama chini ya meza. Bi Mwanaidi alifungua makabati. Mzee Ali, na magoti yake yale, alipekua nyuma ya mapazia. Mimi nimesimama, jasho linanitoka kwenye nyuzi kumi na sita.

Nikaingiza mkono mfukoni. Nikakitoa polepole, na betri zake mbili.

Binti akazirudisha, akakitazama, akanipa. "Kisome wewe, fundi."

Sifuri. Nimemaliza uniti za Bi Mwanaidi kwa kupooza viti.

Kicheko alikianzisha maalim, Mungu anamwona! Bi Mwanaidi hakucheka. Alinunua uniti kwenye simu, akaingiza namba tarakimu kwa tarakimu, na kila tarakimu ananitazama. Umeme ukarudi. Jenereta likajizima lenyewe, vizuri kabisa, kama nilivyoahidi. Hakuna aliyepiga makofi.

Nikamfuata Mzee Ali mlangoni. "Mzee, na ile kazi ya Pangani?"

"Njoo Jumamosi, jenereta lako nimelipenda," akasema. "Ila mita yangu usiisogelee."

Basi nimerudi nyumbani, nimekaa naandika haya, na feni imezimika. Nimekwenda kwenye mita kwanza, mbio. Uniti zipo tele. Nimetoka nje nikauliza majirani, nao hawana. Umekatika kweli, mtaa mzima, na wote wananitazama mimi nipige simu.

Sipigi ng'o. Sauti yangu wanaijua.