Salamu Zilizokwama kwa Msimamizi

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Barua taka tena! Orodha yetu ya barua pepe ni ya wafugaji na wachuuzi wa mifugo. Leo badala ya bei ya mbuzi sokoni Ngaremara, tumeletewa dawa ya upara. Mzee Huqa wa Kinna, mwenyekiti wetu, ameuliza kama msimamizi yupo au amehama. Msimamizi ni mimi, Abdub. Akaongeza kwamba barua za Arero pekee ndizo zinazofaa kusomwa. Arero! Daktari wa ng'ombe wa Merti! Nusu ya barua zake ni salamu. Sina wivu. Naona tu anasifiwa kupita kiasi.

Jumanne, 9 Septemba
Nimepata dawa. Nimeuamuru mtambo wa orodha uzuie barua yoyote inayorudia neno moja mara nyingi. Walaghai hurudia "bure, bure, bure". Na Arero hurudia "nagaa", yaani amani: nagaa ya watoto, ya ng'ombe, ya malisho, kama tunavyojuliana hali sisi Waborana. Atakoma.

Alhamisi, 11 Septemba
Arero kimya! Raha iliyoje. Lakini hata wengine kimya. Nani Isiolo ataandika kabla ya kuuliza hali ya mifugo? Wanaopita ni wauza dawa ya upara tu. Hao hawasalimii mtu. Mwanachama wetu Khadra amepiga simu kuuliza barua yake ya ngamia aliyepotea iko wapi. Nimesingizia mtandao.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimegunduliwa. Mzee Huqa ameitisha kura ya msimamizi: mimi au Arero. Watu waandike jina tu, bila salamu, mtambo usiwazuie. Arero amependekeza mgeni azuiliwe barua ya kwanza pekee. Mwanachama mmoja akisema anamjua, apite siku zote. Mzee amefurahi mno. "Hivyo ndivyo mgeni hupokewa nyumbani," aliniambia. "Anaulizwa ni wa nani, halafu anapewa chai." Mbona sikuwaza hivyo mimi?

Jumapili, 14 Septemba
Nimeshindwa. Barua yangu tamu ya kujitetea haikumfikia mtu. Nimeikuta imezuiwa na mtambo wangu mwenyewe! Niliwasalimu wote: nagaa ya mke, ya ndama, ya kisima. Sasa utamwomba mtu kura bila kumjulia hali?

Jumatano, 17 Septemba
Barua taka zimekwisha. Inaudhi. Nimefungua anwani mpya kwa jina la mwanamke, Gumato wa Korbesa, nimkosoe Arero bila kujulikana. Alipouliza nani anamjua Gumato, nilimdhamini mwenyewe. Nilisema ni jirani wa shangazi yangu. Basi Arero akampokea kwa salamu ndefu, akamshukuru kwa kumkosoa kwa busara, na leo amemwomba awe msaidizi wake. Msaidizi! Mimi niko hapa tangu orodha ianze, na hakuna aliyeniomba chochote. Huyu Gumato ni nani hasa? Nimemwandikia Mzee Huqa barua kali, nikitaka mwanamke huyo aondolewe mara moja.