Machozi Yangu Mbele ya Mama Anésie

Jumapili, 3 Agosti
Ushindi! Baada ya ibada Mama Anésie alikuwa akisimulia jinsi marehemu mumewe, Libère, alivyopenda kulima mihogo. Upepo ukanipiga usoni. Machozi hayo, mashavu yote mawili! Akanishika mkono mbele ya waumini wote. Akasema tangu awe mjane hajaona mwanamume aliyeguswa hivyo. Mimi, Muema, mgane wa miaka sitini na minne! Balthazar wa kwaya, ambaye naye anamnyemelea, alikuwa amebeba viti. Akabaki na viti vyake.

Jumatatu, 4 Agosti
Nikamsimulia binti yangu Abigail, nesi wa kliniki ya macho. Badala ya pongezi, akanimulika tochi. Ati si mapenzi, ni uzee! Ati ile ngozi laini juu ya weupe wa jicho imelegea, imejikunja kama soksi, na vitundu vya mafuta kwenye kope vimeziba. Jicho linakauka, linawasha, basi linajimwagia maji. Nikauliza jicho lililolowa limekaukaje. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Nimepewa dawa ya matone na kitambaa cha kukandia macho kwa maji ya moto. Nisipotumia, ati nitajikwaruza jicho.

Jumatano, 6 Agosti
Balaa! Dawa inafanya kazi. Mama Anésie kapiga simu ya video anionyeshe picha za harusi yake. Hata tone! Nikajifinya paja. Nikamkumbuka marehemu mama yangu. Nikaikumbuka kodi ya nyumba. Wapi! Akauliza kama nina haraka. Dawa nimeificha nyuma ya unga.

Jumamosi, 9 Agosti
Chai nyumbani kwake, mtaa wa Macquarie Fields! Kwenye treni kutoka kwangu Penrith nilijizuia kupepesa macho, yakauke yajimwagie maji. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akahama kiti. Nimefika mlangoni nabubujika, safi kabisa. Naingia, nani huyo kwenye kochi? Balthazar! Na yeye analia! Ana sitini na sita, huyo, nywele nyeusi tii. Mama Anésie alianza kueleza habari za sukari ya chai tu, tukalia wote wawili. Tukatazamana kwa chuki.

Akaingia jikoni, akatoka na vitambaa viwili vya moto, akatufunika macho bila kutuuliza. Kumbe anafanya kazi nyumba ya kutunzia wazee, na kila asubuhi anawakanda macho! Akasema, Papa Muema, siku ya simu nilikuona ukijifinya. Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoumia. Akasema alikuwa amefurahi, akidhani amepata mtu wa kumkumbuka Libère pamoja naye. Mimi huyo Libère sikuwahi hata kumwona. Akasema machozi hayataki; anataka mwanamume wa kumwambia ukweli. Huyo ndiye yeye atakayempikia sombe, yale majani ya mihogo, kila Jumapili.

Niliona aibu chini ya kile kitambaa. Aibu kubwa. Jicho la kushoto limekwaruzika, linauma.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeyatafakari maneno yake na nimekubali: amesema kweli. Nimebadilika. Dawa nimeiacha nyumbani, maana upepo leo ni mzuri. Lakini ukweli kwanza! Ibada ikiisha namfuata Mama Anésie moja kwa moja, namwambia bila kuficha kitu: nywele za Balthazar zimepakwa rangi. Tena rangi ya ovyo, si kama yangu.