Ukurasa wa Sitini na Nne

Muhtasari wa kikao cha Jumamosi ulitoka na kurasa themanini na moja, na ndani yake hamkuwa na uamuzi hata mmoja.

Kosa halikuwa la Albano. Yeye alitekeleza Tamko. Tamko lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mtaa, huku Sinza, likisema kwamba kuanzia siku hiyo kila neno litakalotamkwa kikaoni litaandikwa kama lilivyotamkwa, bila kupunguzwa, kwa mustakabali wa uwazi. Zamani muhtasari uliandikwa siku moja kabla ya kikao, watu wakaja tu kusaini na kunywa soda, na mambo yalikwenda. Lakini mwenyekiti wa mtaa, Mheshimiwa Adelard, aliumia kuona hotuba yake ya saa mbili inaishia kwenye mstari mmoja: "Mwenyekiti alifungua kikao."

Ndipo akaitwa Albano, mwenye steshenari ya jirani, aliyeishia darasa la sita na anayechapa kwa vidole viwili kwa kasi ya cherehani. Akapewa kitambulisho chenye kamba ya kijani: Mnukuzi Mwandamizi. Mnukuzi mdogo hakuwepo, lakini Albano hakuliona hilo kuwa tatizo. Alikivaa hata kwenda kunyoa.

"Usiache kitu," Adelard alimwambia. "Hata nikipumua."

"Kupumua nitakuandikia kwenye mabano, Mheshimiwa."

Ajenda ilikuwa moja: mtaro. Maji ya mvua yalikuwa yakiingia kwenye mgahawa wa Hamida mpaka jikoni. Wakazi walichanga mifuko kumi na sita ya saruji ili mtaro ujengwe kabla ya masika. Mifuko ikaonekana ofisini siku mbili, ikayeyuka. Hamida alitaka kujua kitu kimoja tu: iko wapi.

Albano alitega simu yake ya kurekodia mezani, mbele ya mwenyekiti. Kisha siku nne mfululizo akasikiliza na kuchapa, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Kurasa ishirini na tatu zilikuwa za itifaki, yaani kutambua wageni, akiwemo mgeni rasmi ambaye hakufika. Kumi na tisa zilikuwa za mwenyekiti kuahidi kwamba hatakuwa na maneno mengi. Swali la Hamida lilichukua mstari mmoja. Jibu lake lilichukua kurasa tisa, na lilisema mchakato unaendelea.

Zikatolewa nakala thelathini, moja kwa kila aliyehudhuria. Adelard akasaini kila ukurasa wa kila nakala kwa kalamu ya bluu, bila kusoma, maana mtu hana haja ya kusoma alichosema mwenyewe. Waliopewa wakazipokea kwa heshima, wakazipima uzito kwa mkono, na kufikia Ijumaa nakala zote zilikuwa kwa Hamida. Zilikuwa karatasi nzuri za kufungia maandazi.

Kesho yake asubuhi fundi pikipiki mmoja, Ansbert, alifungua andazi lake, na kwa kuwa chai ilikuwa bado ya moto, akasoma kwa sauti:

"'Mwenyekiti, kwenye simu, akiwa ameinamia meza: Fundi, ile saruji ya mtaro ishafika kwangu? Haya, malizia baraza ya nyumba. Hawa mie nawapa itifaki mpaka wachoke.'"

Hamida akaichukua ile karatasi, akaifuta mafuta kwa kanga. Ukurasa wa sitini na nne. Chini yake, sahihi ya bluu. Akaanza kuyafungua maandazi ya wateja wengine bila kuwaomba ruhusa. Pamoja na rundo lililobaki kaunta, ukurasa ule ulikuwemo mara thelathini.

Albano alikuwa pale pale, kitambulisho shingoni.

"Braza Albano, haya umeandika wewe?" Hamida aliuliza.

"Nimechapa."

"Na ulipofika hapa hukushtuka?"

Albano akajaribu kukumbuka. "Mie nilikuwa naangalia mabano," alisema.

Hawakumwamini. Wakampongeza kwa ujasiri, wakamnunulia chai, na yeye akainywa.

Mchana Adelard alikuja mwenyewe kueleza kwamba amenukuliwa nje ya muktadha.

"Shikamoo Mheshimiwa," Hamida alisema. "Sahihi hii ya nani?"

"Marahaba. Yangu. Ila sikusoma."

"Basi na hilo liandikwe."

Albano, ambaye Tamko lilikuwa bado linambana, akawasha simu.

Mtaro ulikwisha kujengwa wiki moja kabla ya masika, na jiko la Hamida halikuingia maji. Gharama zilikuwa hizi: karatasi elfu mbili mia nne na thelathini; makopo mawili ya wino; kalamu tatu za bluu; mifuko kumi na sita ya saruji, iliyonunuliwa upya na Adelard; uenyekiti mmoja; kitambulisho kimoja chenye kamba ya kijani; na marafiki wanne wa Albano ambao mpaka leo, akikaa mezani kwao, wanaongea kwa ishara.