Makelele ya Leo Haiko Vita

Hapana, Fiston. Weye uko Kisangani unakula samaki yako, unaandika hapa mu groupe ya WhatsApp ati ndege yangu haitatoa hata sauti ya mbu. Ilitoa! Uliza mutu yeyote ya Mbunya, kwetu hapa Bunia. Ilitoa sauti mpaka mbwa ya pasteri ilikata kamba. Kwa hiyo mabishano yetu imeisha, miye njo nilishinda.

Sasa ile yenye ilifuata sauti, nawaelezea miye mwenyewe kabla mutu mwingine awatumie video. Kwa sababu video iko. Iko mingi. Nimetoka kupata haya yenye sijapataka tangu nizaliwe. Naandika hivi nimefunga mulango, na kule inje nasikia batoto banajifunza kuniigiza.

Munakumbuka ile kartoni yenye Jospin aliniletea toka Kampala. (Jospin, kwa wale benye habamujue: rafiki yangu ya damu. Mutu akimutukana mbele yangu, tunapigana. Hata kama Jospin njo iko na kosa. Zaidi kama iko na kosa.) Mu kartoni mulikuwa ndege ya jeti ya kuchezea, ya mousse kama ile ya godoro, nyeupe, yenye unaongoza na telekomande. Haina helisi, ile panga ya kuzunguka, kwa pua. Kuko ka-ventilateri kamefichwa mu tumbo, ndani ya bomba. Kanavuta hewa kwa kinywa, kanaitupa kwa mukia, ndege inaenda mbele. Na inalia kama jeti ya kweli. Ile kulia njo ilinimaliza kichwa. Nilikuwa naiota.

Kitabu ya maelezo ilikuwa ya Kichina. Na kisha? Miye nilijifunza telefone peke yangu, nikajifunza radio peke yangu, nani alinifundisha? Niliangalia video, nikakata, nikabandika. Bawa ya kuume ilivunjika kwa barabara ya Mahagi, nikaiunga na kijiti ya mishikaki ndani. (Gundi ya haraka inakulaka mousse kama asidi. Nilijua hiyo kisha mukia kupunguka. Tusiongee juu ya mukia.) Nikafunga magurudumu, nikapanga batri, nikachomelea fil, zile nyaya ya moteri. Moteri iko na fil tatu. Ka-boiti yenye inapelekea moteri nguvu, nayo iko na fil tatu. Jospin akauliza kama kuko fil gani inaenda na gani. Nikamukasirikia. Nikamuambia fil ni fil, tatu na tatu, hata mbuzi inaweza kuunga.

Sasa mutu mwenye akili akimaliza kuunga moteri, anaijaribu palepale. Nilitaka. Lakini munajua parcelle yetu, batu mingi mu ua moja. Mwenye nyumba alipokea ba-déplacé, benye vita ilifukuza kwao: kwa nyuma kuko famille yenye ilitoka Gety, na mu dépôt ya zamani kuko Mama Lotsove na batoto yake, benye batoka Bule. Siku moja nilitaka Jospin asikie jeti namuna inalia, nikaweka video, nikaunga telefone kwa baffle kubwa ya muziki. Ikalia. Kugeuka, parcelle yote iko chini. Batoto chini ya meza. Muzee ya Gety amekwisha kuvaa viatu na kushika mufuko. Na hakuna mwenye alilia. Ile njo iliniuma. Hii kazi banaijua mpaka bananyamaza.

Nilizima. Nilipita kila mulango kuomba musamaha, na nikaapa: mu hii parcelle moteri haitageuka hata mara moja, mpaka siku ya kuruka. Na nikishika neno, nashika. Sikuigusa.

(Wenye akili bamekwisha kuona matata inatokea wapi. Miye sikuona kitu.)

Kupata ruhusa njo ilikuwa mulima. Hii wakati, kitu yote yenye inaruka juu ya Bunia, siye raia tunaiangalia na macho, ba-militaire banaiangalia na kitu ingine, yenye inatoa risasi. Chef de quartier, mukubwa ya mutaa yetu, akakataa. Ni baba ya Jospin, lakini kwa kazi yake hana mutoto. Basi Jospin akasimama mbele ya baba yake, akasema ndege iruke, na kama kuko mutu anaumia juu ya ile makelele, bamufunge yeye, hapana miye. Baba yake akamuangalia. Akaenda kuongea na bakubwa ya usalama, akarudi na jibu: muchana, kiwanja ya masomo, pale kwa shule, na batu yote baambiwe mbele. Kisha akaongeza ya kwake.

"Mutu moja tu akikimbia juu ya ile sauti yenu, ndege inaingia mu bureau yangu na haitatoka."

Mutu moja tu. Shikeni hiyo.

Kwa hiyo siye tulifanya kazi ya kuelimisha. Jumapili iliyopita bakatangaza mu makanisa, kisha ya habari ya ndoa na mbele ya matoleo. Kwa muskiti nilienda kuomba miye mwenyewe, bakatangaza. Na leo asubui mutangazaji akapanda moto, pikipiki yake, na megafone, akazunguka kila avenue: "Batu ya Mbunya, makelele ya leo kwa kiwanja ya masomo haiko vita. Ni mutoto ya kwetu, iko na ndege ya kuchezea. Musikimbie. Narudilia, musikimbie."

Munajua kama unaambia batu ya Bunia kuko kitu yenye haipashwe kuogopa, banafanya nini? Banakuja kuiangalia.

Yote ilikuja. Mama za beignet, zile mandazi, na beseni yao. Bachimbaji ya dhahabu bakashuka mu mji na mabuti ya matope, moja akaniita Ingénieur na akataka kupiga foto na miye. Harusi yenye ilikuwa inapita ikasimama, muolewa akashuka na kanzu yake nyeupe. Kuko Lieutenant moja na batu yake, bakaketi kwa kivuli ya ukuta. Chef kwa kiti ya kanisa. Jospin kwa pembeni yake, shati imelowa kama njo yeye anaenda kuruka. Na Mama Lotsove mbele kabisa, chini, na batoto yake, na parcelle yetu yote. Hata muzee ya Gety. Nilipoona ule muzee amevaa sapato ya plastike, hapana viatu ya kukimbia, nilimuinamia kichwa.

Sasa hapo ningenyamaza, ningeokoka. Lakini miye na megafone! Nilivaa miwani nyeusi, na gilet ya orange ya bashofere ya moto, nikashika megafone. Nikaeleza hewa. Nikaeleza moteri. Nikasema hii kitu ni ya mousse, haina uzito kupita kuku. Nikamaliza hivi, na iko mu video, siwezi kukana:

"Hata ikilia namuna gani, hata ikikujia karibu, bakia pale. Mutu mwenye hajui sayansi njo anakimbiaka."

Bakanipigia makofi. Pasteri akaomba. (Akaombea ndege, akaombea Ituri, akaombea ba-militaire, akaombea masomo. Batri ilikuwa inaisha.)

Nikaweka ndege pa katikati ya kiwanja, pua inaangalia goli ya mbali. Miye nikasimama nyuma yake, kama nilivyoona mu video. Nyuma yangu batu yote. Nikaanza kusukuma ka-kijiti ya nguvu polepole.

Ikalia.

Bandugu! Ile sauti! Ilianza kama chai inachemka, ikapanda, ikapanda, ikaingia mu meno. Nikaangalia nyuma haraka. Hakuna mwenye alisimama. Mama Lotsove alishika batoto yake kidogo, basi. Bamekaa! Sauti ya jeti mu Bunia, na batu bamekaa chini banakula beignet! Nilitaka kulia. Nikamuangalia Jospin, akanionyesha kidole gumba. Nikasukuma nguvu yote.

Ndege ikatoka. Ikatoka muzuri kabisa. Mukia mbele.

Kwanza nilifikiri ni upepo. Kisha nikaona matako ya ndege inakuwa kubwa. Inakuja. Inapindapinda kama mulevi, inaruka juu ya mashimo, inalia vile inalia, na inakuja kwangu miye, hapana kwa mutu mwingine. Kichwa kikasema: punguza nguvu. Kidole kikakataa. Kichwa kikasema: ni mousse, ni kuku. Miguu haikungojea kichwa kimalize.

Nilitupa telekomande.

Nilikimbia, ndugu zangu. Nilipita katikati ya viti. Niliruka beseni ya beignet. Nilipita mbele ya Lieutenant, akakunja mguu yake kunipatia njia, polepole, na heshima. Muolewa alivuta kanzu. Miwani ilibakia fasi fulani. Nikaingia mu choo ya masomo, nikafunga, nikaketi chini na mikono juu ya kichwa, vile tulifundishwa tuko batoto.

Na mule mu choo njo nilisikia kitu ya ajabu. Ndege iko inalia, juu telekomande imeanguka mu majani na nguvu yote wazi. Lakini mbio ya batu, hakuna. Hata moja. Mbunya yote imekaa kama kwa kanisa. Baliambiwa basikimbie, habakukimbia.

Kisha sauti ikafanya "vuuu", ikakaba, ikakufa.

Jospin akafika kwa mulango.

"Toka."

"Kuko mwenye aliumia?"

"Hakuna."

"Nani alikimbia?"

"Toka tu, ndugu yangu."

Akanielezea kupitia mulango, juu sikutaka kufungua. Ndege ilienda mpaka kwa miguu ya Mama Lotsove. Mama akasimama, akatoa kikwembe, kitenge yake, kwa bega, akaitupa juu yake, vile unafunikaka kuku yenye inataka kutoroka. Mukia ikavuta kikwembe ndani. Mukia, munaelewa? Fasi yenye ilipashwa kutupa hewa njo ilikuwa inavuta. Moteri ilikuwa inageuka kinyume tangu mwanzo. Jospin alikwisha kupigia mutu moja ya Kampala, na yule akasema unabadilisha fil mbili tu kati ya zile tatu, imeisha, inaenda mbele. Na akasema kila mutu anaonaka hiyo siku ya kwanza, akijaribu kwa nyumba.

(Kwa nyumba. Aksanti sana.)

Nikatoka. Nilipata ile makofi mutu anapataka akifunga goli kwake mwenyewe. Mama Lotsove alikuwa anachomoa kikwembe mu ndege, pole pole, pembe imekatika. Nikamuomba musamaha. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa muzuri.

"Mutoto yangu," akasema, "miye nilitoka Bule na batoto, na sufuria kwa kichwa, na risasi nyuma. Sikuangusha hata kifuniko. Weye umeangusha kitu ya mukono kwa kuogopa kuku?"

Ba-militaire bakaanguka na kicheko. Bachimbaji nao. Muzee ya Gety, mwenye anacheka mara moja kwa mwaka, akapiga magoti yake. Harusi yote! Muolewa alifuta machozi na veli.

Chef akasimama. Kicheko ikapunguka.

"Nilisema mutu moja," akasema.

Jospin akarukia neno: "Papa, yule ni pilote. Hahesabiwe pamoja na population."

"Iko na miguu?"

"Iko nayo."

"Ilikimbia?"

Jospin akaangalia majani. Kisha akasema sawa, basi bamufunge, alijitoa yeye mwenyewe. Hapo damu ikanipanda. Nikapiga kelele mutu asimuguse Jospin, nikanyoosha mikono kwa Lieutenant, nikasema kama kuko kamba, ni ya miye, na mwenye anamutaka Jospin aanze na miye. Niko nasema vile, kuko karatasi ya choo imenata kwa gilet. Hakuna mwenye aliniambia.

Chef akasema hakuna mwenye anafungwa, tutulie. Akachukua ndege chini ya kwapa, akaiangalia kwa pua, akaiangalia kwa mukia. Naapa, alitaka kuisikia tena! Niliona mu macho. Lakini neno yake ni neno. Iko mu bureau saa hii, juu ya kabati. Akasema batu yake yote bameshinda mutihani, kumebakia mutu moja, na siku Mama Lotsove atakuja kujitoa muzamini ya yule mutu, ndege itatoka. Mama akajibu atafikiri, akimaliza kushona kikwembe.

Fil mbili tu, jamaa! Mbili! Nikizibadilisha, ile kitu inapita juu ya paa ya masomo kama mwewe, naapa. Jospin tayari amemubebea Mama Lotsove maji mara mbili, bila miye kumutuma. Na mwenye ataandika hapa kitu mubaya juu ya Jospin, nakuja mpaka kwake.

Juu ya miye, andikeni. Cheka, Fiston, nimekuona unaandika tangu kitambo. Lakini kwanza ujibu. Mu Bunia hii, na ile sauti, na kitu inakukujia mbiombio, na miguu yenye ilijifunza kukimbia kabla weye ujifunze kusoma: weye, ungebakia?