Mche Kwenye Pengo la Bibi Fatu

Jumatatu, 3 Februari. Kitangari.

Mungu yupo. Leo Mwalimu Elineema katupanga wawili wawili kwa kazi ya Jiografia, na mimi kaniweka na Justa. Justa! Tangu Kidato cha Kwanza sijawahi kusema naye, isipokuwa "samahani" nilipomkanyaga mstarini.

Kazi yenyewe: tutafute kitu kimoja kwenye ardhi, kinachoonekana kwa macho, kinachoonyesha mila za watu wa hapa. Mwalimu anasema kwao Upare ukiona mfereji mlimani unauliza ni wa ukoo gani, unaambiwa. Hapa kwetu pia lazima kipo kitu cha namna hiyo. Tukitafute.

Cuthbert akanyoosha mkono palepale kuomba abadilishiwe, awe na Justa. Kwa Kiingereza, tena cha puani. Mwalimu akasema Justa ataamua mwenyewe Ijumaa, akishaona mwenzake kaleta nini.

Justa akanigeukia, akaniuliza nina wazo gani. Nikatazama dirishani. Nimesomeshwa lugha mbili, na mbele ya Justa sina hata moja.

Jumanne, 4 Februari.

Nina mpango! Shamba la Bibi Fatu, bibi yake Justa mzaa mama, liko nyuma ya shule. Mikorosho imepangwa mistari kama sisi asubuhi, ila mstari wa mbele una pengo. Mkorosho mmoja ulikauka, ukakatwa, na hakuna aliyepanda mwingine. Nimepanda mimi. Ijumaa nitampeleka Justa pale nimwambie: tazama, mila inaota. (Maneno hayo nimeyafanyia mazoezi mbele ya mbuzi. Mbuzi kaondoka.)

Mche nimeutoa kwenye viriba vya Mama Hamida, mama mdogo ninayekaa kwake. Kwetu hasa ni Lisekese. Hapa nipo kwa ajili ya shule. Ana miche mingi, hatajua.

Tatizo ni maji. Mvua imegoma tangu wiki iliyopita, simtanki limebaki na tope, na kila mtu nyumbani ana ndoo yake moja ya kuogea. Yangu nimeupa mche. Nimekwenda shule bila kuoga. Nimekaa karibu na dirisha, upande upepo unakotokea kwenda nje. Nadhani.

Jumatano, 5 Februari.

Balaa! Bibi Fatu kauona mche.

Nilisahau jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua, na mimi mwenyewe niliwahi kulijibu kwenye mtihani nikapewa tiki. Mgeni akiomba shamba anapewa. Alime mahindi, mihogo, mbaazi, avune, aondoke na shukrani. Lakini mti hapandi. Ukipanda mti umesema, hapa ni kwangu. Tena shamba la kina Justa linatoka kwa mama kwenda kwa binti. Mwanamume wa nje anayepanda mkorosho mle ni mmoja tu: mkwe, aliyekuja kuoa akahamia.

Kwa hiyo ama nimepora shamba, ama nimeposa. Sijui lipi baya zaidi.

Justa ndiye aliyetuletea habari darasani. Bibi kampigia simu kaka yake, Mzee Sultani wa Chiwata, maana kwenye ardhi ya ukoo wao msemaji ni mjomba. Anakuja Ijumaa kuung'oa.

Cuthbert akasema aliyepanda ni mwizi wa mashamba, akacheka. Nikacheka na mimi. Nilicheka kuwazidi wote. Justa akanitazama.

Halafu akasema mada yetu ndiyo hiyo: mti ni wa nani? Tumtafute aliyepanda. Nikaitikia kwa kichwa. Nimeingizwa kwenye kikosi cha kunitafuta.

Ndoo ya leo nayo nimeumwagilia. Utang'olewa keshokutwa, lakini una kiu leo.

Alhamisi, 6 Februari.

Tumekwenda kumhoji Bibi Fatu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kabila. Nikasema Mmakua wa Lisekese. Hapo nikawa nimekwisha. Wamakua na Wamakonde ni watani, na Bibi Fatu hachezei nafasi.

Akauliza kama kule Lisekese kuoga kumepigwa marufuku. Akamwambia Justa afungue mlango wa pili. Akasema Wamakua walikuja kwenye uwanda huu kuomba chumvi, na mpaka leo hawajamaliza kuomba. Sikujua kipi ni utani na kipi ni kweli. Nikawa naandika vyote.

Kisha akatupeleka kwenye pengo. Akainama akagusa udongo. Akasema mwizi huyu ni wa ajabu: kachimba shimo refu, kashindilia vizuri, kaweka majani makavu yashike unyevu, na kila siku anarudi kumwaga maji wakati huu ambapo watu wananunua ndoo. Nikadhani ananiona moyo ndani ya shati.

Pembeni ya mche palikuwa na alama ya yeboyebo. Justa akaichora. Kisha akatazama miguu yangu. Nikavisogeza vidole nyuma, kana kwamba vinahamishika.

Tukarudi. Njiani Justa aliniuliza kitu kimoja tu, kama Mama Hamida bado anauza miche. Nikasema sijui. Kibao cha miche kimebandikwa mlangoni kwetu.

Ijumaa, 7 Februari.



Tulipofika shambani baada ya vipindi, Mzee Sultani alikuwa ameshashuka kwenye bodaboda. Mrefu, kofia ya kufuma, panga mkononi. Hakusubiri kuamkiwa. Akaenda moja kwa moja kwenye mche, akainama, akaushika shingoni.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Kilichotoka ni Kiingereza! Lugha ya Cuthbert! Nikatoa sentensi nzima, yenye sarufi safi, mbele ya mzee ambaye hata Kiswahili anakizungumza kwa kukiburuta.

"Anasemaje huyu?" akauliza.

"Anasema ni wake, babu," Justa akajibu. "Anaomba usiung'oe."

Mzee Sultani akasimama wima. Akataka kujua mimi ni mtoto wa nani na nani kanituma kwenye ardhi ya dada yake. Nikawa sina lugha tena. Nilitaka ardhi hiyohiyo inimeze, ila nayo si yangu.

Bibi Fatu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho kwa upande wa kanga. Lakini aliendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha.

"Kaka, uache," akasema. "Marehemu naye alikuwa Mmakua. Na yeye alipanda hapahapa bila kuniuliza."

Akatueleza, ndipo nikaelewa pengo lile. Mkorosho uliokauka ulikuwa wa mumewe, wa kwanza kuupanda alipokuja kuoa. Ulikauka mwaka uleule aliofariki. Hakuna mtu wa ukoo aliyekuwa na haki ya kuweka mwingine mahali pake, na Bibi hakutaka kumwomba mtu.

Mzee Sultani akauachia mche. Akauliza, sasa huyu kijana tumweke wapi?

Bibi Fatu akatoa hukumu. Mti unabaki. Aliyepanda ataupalilia kila Jumamosi mpaka uzae. Na asijidanganye kwamba kamuoa mjukuu, maana mjukuu anasoma. Aliyeolewa ni yeye, Fatu, na mumewe aanze kuoga.

Justa alicheka mpaka akashika mkorosho. Tulipokuwa tunarudi akaniambia alijua tangu Jumatano. Mtu asiye na hatia, alisema, hacheki namna ile.

Kisha akaenda kwa Mwalimu kumwambia habadilishi mwenzake. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia kwa lugha zote mbili.

Jumapili, 9 Februari.

Jana nimepalilia. Bibi Fatu kaniletea mihogo ya kuchemsha na kaniita "mume wangu" mbele ya watu waliokuwa wanapita kwenda mnadani. Nimeitika! Mche umetoa jani jipya, jekundu kama sikio la mtoto.

Nimejifunza mengi wiki hii. Kwanza, mtu asipande mti mahali bila kuuliza. Hilo limeniingia kabisa.

Leo baada ya misa Justa alisema, kwa kupita tu, kwamba nyumbani kwa mama yake hakuna mchungwa. Anapenda machungwa.

Nimetafakari. Ile sheria ni ya mikorosho. Mchungwa ni mti wa matunda tu, hauwezi kuwa na maana yoyote. Na pale kwao kuna nafasi nzuri, karibu kabisa na mlango, mtu yeyote angedhani umeota wenyewe. Nina mche mmoja tayari. Nitakwenda kesho alfajiri.

Ndoo yangu ya leo nimeiweka akiba.