Friji la Zahanati na Barafu ya Bi Zuena

Jumatatu, 3 Oktoba 1955

Joto la Usangu limeanza mapema. Mimi, Alawi wa Mlandege, Iringa, karani wa zahanati hii ya bondeni kwa mwaka wa pili sasa, bado sijalizoea. Kwetu mtu huvaa koti mpaka saa nne asubuhi.

Kitu kimoja tu hapa kina baridi: friji la mafuta ya taa tuliloletewa kutoka Mbeya mwezi uliopita. Chini lina taa ndogo yenye utambi, nyuma lina dohani, na moto ule, kwa njia nisiyoielewa, huzaa baridi. Ndani inakaa dawa ya chanjo ya ndui. Mtunzaji wake ni Lutengano, dresa wetu anayetibu wagonjwa, Mnyakyusa wa Tukuyu. Ameagiza kisiwekwe kitu kingine, na mlango usifunguliwe zaidi ya mara mbili kwa siku. Analiongelea friji kwa heshima ambayo mimi sijawahi kuipata.

Jioni nilipita kwa Bi Zuena, mjane anayepika vitumbua karibu na mashine ya mpunga. Nilitaja barafu. Akasema hajaiona tangu azaliwe. Nikamwahidi bilauri ya sharubati ya ukwaju yenye barafu ndani, kabla ya Ijumaa. Ahadi ilipokewa vizuri. Binti yake mdogo, Mwanakhamisi, alitaka kujua kama barafu inauma.

Jumanne, 4 Oktoba

Lutengano ameondoka na baiskeli kuangalia wagonjwa vijijini. Nafasi nzuri. Nimechemsha ukwaju na sukari, nikaingiza sufuria ikiwa bado inatoa mvuke. Kwa nini ningoje ipoe? Kupoza ni kazi ya friji. Sufuria ni pana, ikazuia mlango. Nikasukuma kwa goti mpaka ukafungika, au ukakaribia kufungika.

Kisha nikafikiri. Kama moto mdogo huleta baridi ndogo, moto mkubwa utaleta barafu. Nimepandisha utambi mpaka mwisho. Nashangaa Lutengano, aliyesomea, hajawahi kuliona hili.

Jumatano, 5 Oktoba

Hakuna barafu. Sharubati ni vuguvugu. Moto uliokuwa wa buluu umekuwa wa manjano na unafuka moshi. Dohani imejaa masizi, na ukuta wa nyuma umekuwa mweusi. Mpira wa mlango umechanika pale sufuria ilipobana.

Nimelisukuma friji nyuma mpaka likagusa ukuta, masizi yasionekane. Mlango ukawa haushiki. Nikaweka tofali chini ya miguu ya mbele, friji likaegemea nyuma kidogo, na mlango ukajifunga wenyewe. Kazi nadhifu.

Kikabaki kipimajoto. Kila asubuhi Lutengano hukisoma na kuandika. Leo nilimwambia nimeshamsomea, nikamtajia namba ya juzi. Alikuwa na wagonjwa mlangoni. Akaandika, akanishukuru, akakubali nimsomee wiki hii yote. Mchana nilijilaza lakini usingizi haukuja.

Alhamisi, 6 Oktoba

Jumbe ametuma habari: ndui imeingia kijiji cha ng'ambo ya mto. Nyumba tatu. Lutengano ameamua watu wote wachanjwe Jumamosi, akanituma kutangaza. Nilitangaza kwa sauti nzuri.

Bi Zuena alisema sasa moyo wake umetulia, maana Mwanakhamisi hajachanjwa bado. Nilimpa sharubati, niliyoipoza ndani ya mtungi. Akanywa. Akasema ni tamu ila inanuka moshi wa taa, na barafu iko wapi. Nikasema imeyeyuka njiani.

Nilifika mpaka mlangoni kwa Lutengano ili nimweleze. Alikuwa anachemsha vyombo vyake vya chanjo, anaimba pambio kwa sauti ya chini. Nikarudi. Dawa iko ndani ya chupa. Nadhani chupa hutunza baridi yake.

Jumamosi, 8 Oktoba

Kulipopambazuka uwanja ulikuwa umejaa. Wengine walianza kutembea jana. Eliezeri, mkulima wa ng'ambo, alikuja na mkewe na watoto wanne. Bi Zuena alikuwa wa tatu kwenye foleni, na Mwanakhamisi katika gauni lake la Idi.

Lutengano akafungua friji. Mkono wake ukabaki ndani. Akapiga magoti, akachungulia moto. Akalivuta friji kutoka ukutani, akaliona tofali, akagusa masizi kwa kidole.

"Limeacha kupoza tangu lini?" akaniuliza.

"Labda leo asubuhi."

"Bwana Alawi. Tangu lini?"

Nikamwambia Jumanne.

Nikamshauri achanje tu, watu wasivunjike moyo. Alinijibu taratibu, kama anavyosema na wagonjwa.

"Dawa hii imekufa. Nikimchanja mtu kwa dawa iliyokufa, atakwenda kumuuguza ndugu yake akidhani ana kinga. Nitakuwa nimemuua mimi."

Akatoka, akawaambia watu kwamba dawa imeharibika, anaomba radhi, warudi Jumatano. Jina langu hakulitaja. Eliezeri aliuliza kama Jumatano ni hakika. Akaambiwa ni hakika. Akamweka mtoto wa mwisho mabegani, wakaondoka. Bi Zuena alikuwa amesimama karibu na mlango uliokuwa wazi. Alinitazama, kisha akamshika mtoto mkono.

Lutengano amepanda lori la mpunga kwenda Mbeya kuchukua dawa nyingine. Friji amelifunga, na ufunguo amemwachia mkewe, Lea.

Jumatatu, 10 Oktoba

Lea ni mwalimu wa watoto wa kanisani na mikono yake ni migumu. Tangu jana ananifanyisha kazi. Nimeipiga dohani brashi mpaka nikawa mweusi kuliko sufuria. Amekata utambi ukawa sawa, ameuteremsha, moto umerudi kuwa wa buluu. Ameondoa tofali, akaweka sahani ya maji juu ya friji, akachomeka vipande vya kadibodi chini ya miguu mpaka maji yakatulia bila kuelekea upande. Mpira ameuziba kwa kiraka cha baiskeli.

Akasema friji ni kama mtu: lisimame wima, lipumue mgongoni, lisilishwe vya moto, na mdomo wake ufungwe. Hilo la mwisho alilisema akinitazama mimi.

Asubuhi hii kulikuwa na barafu kwenye sinia ndani ya friji. Kipande kidogo, kama ukucha. Sikukigusa. Lea alikuwa amesimama pale.

Jumatano, 12 Oktoba

Lutengano amerudi, macho mekundu kwa vumbi, amekumbatia chupa kubwa ya chai yenye barafu na dawa ndani. Hakula. Alianza kuchanja palepale. Mimi niliandika majina. Mwanakhamisi hakulia.

Watu kumi na mmoja wa Jumamosi hawakurudi. Eliezeri na watu wake ni sita kati yao. Saa nane Lutengano alichukua dawa na baiskeli, akaenda kuwatafuta. Nilijitolea kufuatana naye. Akasema nibaki.

Nilimsindikiza Bi Zuena. Nilimweleza kwamba mafriji ya siku hizi hayana uimara. Akaniacha nimalize.

"Bwana Karani," akasema, "mimi maji ya mtungi yananitosha."

Ijumaa, 14 Oktoba

Lutengano amerudi. Mke wa Eliezeri na watoto watatu wamechanjwa. Eliezeri mwenyewe na yule wa mabegani wana homa na vipele. Nilimuuliza kama chanjo ya Jumamosi ingewaokoa. Akasema huenda walishaambukizwa kabla, na huenda siyo, mtu hatajua. Alinawa mikono muda mrefu.

Nimeandika ripoti ya kupeleka Mbeya. "Friji lilipatwa na hitilafu." Lutengano akasoma, akakata mstari, akaandika yaliyotokea, bila chumvi. Akaniambia nitie sahihi. Nikatia. Nilijihisi mwanamume.

Jumatatu, 7 Novemba

Makongolosi. Nimehamishwa. Barua inasema nisikaribie friji lolote la serikali. Sawa. Habari za bondeni sijazipata. Nimemwandikia Lutengano mara mbili kuuliza hali ya Eliezeri na mtoto, hajajibu. Huenda posta ni mbaya.

Nimewaza sana kuhusu mambo yaliyopita, na nimetambua kosa langu: baridi si fani yangu. Mimi ni mtu wa joto.

Dresa wa hapa, Bwana Isakwisa, ni mkali, lakini kila mtu ana mlango wake. Yeye anapenda maharage, na hapa maharage huiva kwa shida. Sasa, katika chumba chake cha tiba kuna chungu kizito cha mvuke, chenye kifuniko cha skrubu, cha kuchemshia sindano. Hakuna chombo safi kama hicho wilaya nzima, na mchana kinakaa bure. Nimeloweka maharage ratili mbili.